Barua ya Wazi kwa Wanaotutafsiria Filamu: Waziri Mmempeleka Wapi?

Kwa:
Mkurugenzi wa Vipindi,
Mkuu wa Idara ya Ununuzi wa Filamu,
Msimamizi wa Studio ya Tafsiri.

Waheshimiwa,

YAH: FILAMU YA KANNADA KUHUSU POLISI NA WANASIASA MLIYOIPUNGUZA MPAKA ZIKABAKI NGUMI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mnanijua. Kama ninyi hamnijui, mfumo wenu unanijua, maana haujawahi kusahau kunikatia matangazo kifurushi kinapoisha usiku. Kuhusu jambo hili nimewapigia simu, nimewaandikia barua pepe, nimefika mpaka mapokezi kwenu. Simu zilipokelewa kwa adabu. Barua pepe ilijibiwa na mashine iliyonishukuru kwa kuwa sehemu ya familia. Mapokezi, dada mmoja mkarimu alinipa daftari la maoni nikaandika, na nadhani daftari lenyewe bado lipo pale pale juu ya meza. Sasa naandika hadharani.

Jina la kampuni yenu sitalitaja. La filamu pia sitalitaja, kwa kuwa jina mliloipa linatumika kwenye chaneli yenu peke yake, na kulitaja ni kuwataja. Mtajijua. Sina haja ya kuwaaibisha, nataka mrekebishe.

Kwa msomaji ambaye hakuiona, kisa ni hiki. Katika mji mdogo karibu na Ballari, jimbo la Karnataka, kusini mwa India, dereva wa tipa la mawe ya chuma anakufa ndani ya mahabusu. Alikuwa na nakala za vibali vya kusafirisha madini, na vibali vile ni vya kughushi. Polisi kijana mwenye nyota mbili begani anaanza kuuliza kwa nini dereva alikamatwa, nani aliamuru, na nani aliandika kwamba marehemu alianguka chooni. Kila jibu linampandisha ngazi moja juu, mpaka anafika kwa waziri wa serikali ya jimbo. Mwishoni anapeleka jalada kwa jaji mstaafu anayeongoza Lokayukta, ofisi ya jimbo inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma na viongozi. Jaji analipokea. Filamu haituambii kama kesi itashinda.

Hicho ndicho nilichokiona mimi, kwa lugha yake ya Kannada, nilipokuwa nasoma Bengaluru, mji mkuu wa jimbo hilo. Mlichokirusha ninyi ni kisa cha kijana mmoja anayempiga muuza unga, yaani dawa za kulevya.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Waziri amepotea

Naanza na hili kwa sababu mengine yote yametokana nalo. Katika filamu yenyewe kuna waziri. Anaapishwa, ana gari lenye bendera, ana msaidizi anayebeba simu zake, anakaa ofisini chini ya picha za wakubwa. Katika tafsiri yenu mtu huyu anaitwa "bosi". Msaidizi wake anaitwa "mtu wa bosi". Polisi wote, kuanzia konstebo mpaka mrakibu wa wilaya, wanaitwa "kamanda".

Kuna tukio moja ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa filamu. Waziri yuko mezani anakula. Anamwambia msaidizi wake, kwa upole na kwa maneno mengi, kwamba yule dereva anaumiza vichwa vya watu, kwamba ana familia na haipendezi familia ipate shida, kwamba ingekuwa vizuri akitulia. Msaidizi anampigia simu mrakibu wa wilaya na kuyafupisha. Mrakibu anampigia inspekta mkuu wa kituo, naye anafupisha zaidi. Inspekta anamwita sajini. Sajini anatoka nje, anamkuta konstebo anakunywa chai, anamwambia neno moja tu. Konstebo anaweka kikombe chini, anaokota rungu. Hakuna hata mmoja katika mlolongo ule aliyetamka kuua. Kila mmoja kesho yake anaweza kuapa mahakamani kwamba hakuamuru kitu, na atakuwa anasema kweli.

Studio yenu imefanya nini? Sauti zote tano zinasema "Mmalizeni!" Na kwa masikio yangu, tatu kati ya hizo ni za mtu mmoja.

Mkiondoa vyeo, hakuna tena rushwa ya kuonyesha. Kuna ubaya wa mtu, basi, na ubaya wa mtu tunaujua tangu hadithi za fisi na sungura. Waliotengeneza filamu ile walihangaika kuonyesha mashine: nani ana saini, nani anamwogopa nani, nani anapata nini kwa kunyamaza. Hata mavazi walikuwa makini nayo. Konstebo amevaa kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, waliyoivaa makonstebo wa Karnataka kwa miaka mingi. Inspekta ana nyota tatu, kijana wetu ana mbili. Mtazamaji wa Karnataka anajua kwa kutazama bega tu kwamba kijana huyu hana mamlaka ya kumhoji anayemhoji. Mkimwita "kamanda" kwa Kiswahili cha Tanzania, ambako kamanda ni mkuu wa polisi wa mkoa au kanda, mmempa nguvu ambazo kisa kizima kinamnyima. Kwa nini basi aogope? Mama mwenye nyumba wangu aliuliza hivyo hivyo: kamanda gani huyu anatetemeka mbele ya muuza unga?

2. Madini ya chuma yamegeuka dawa za kulevya

Hili lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la makusudi. Katika filamu, mali inayoibwa ni mawe ya chuma. Yanachimbwa bila kibali au kwa kibali cha eneo lingine, yanapakiwa kupita uzito, yanapita mizani kwa hongo, yanafika bandarini, yanauzwa nje. Vumbi jekundu limefunika miti, paa za nyumba, nguo zilizoanikwa, mpaka ng'ombe. Kamera inalirudia vumbi lile tena na tena.

Kwenye tafsiri yenu malori yale yamebeba "unga". Jirani yangu fundi magari, ambaye tulikuwa naye kwenye kibanda cha video siku hiyo, aliuliza tangu lini unga ukabebwa kwenye tipa la wazi, tani kadhaa, mchana kweupe, na kupimwa kwenye mizani. Kibanda kizima kilicheka. Waliocheka walikuwa wanacheka tafsiri, waheshimiwa, wala hawakuwa wanaicheka filamu.

Mnajua kwa nini mawe ya chuma ni muhimu? Kwa sababu hayakubuniwa na mwandishi. Miaka ya 2000 bei ya chuma ilipanda kwa kasi kutokana na mahitaji ya China, na wilaya ya Ballari ikageuka uwanja wa uchimbaji haramu. Julai 2011 Lokayukta wa Karnataka wakati huo, Jaji N. Santosh Hegde, aliwasilisha ripoti juu ya uchimbaji huo iliyowagusa wanasiasa na maafisa wengi, na siku chache baadaye Waziri Kiongozi wa jimbo, B. S. Yediyurappa, akajiuzulu. (Haki itendeke: mwaka 2016 mahakama ilimwachia huru katika kesi iliyotokana na mambo hayo.) Kabla ya hapo, mwaka 2010, shehena kubwa ya madini yaliyokuwa yamekamatwa na serikali ilitoweka katika bandari ndogo ya Belekeri. Yaani ushahidi wenyewe ulipakiwa ukaondoka. Mtazamaji wa Karnataka akiona vumbi jekundu kwenye skrini hahitaji kuelezwa. Sisi tulihitaji kuelezwa kidogo tu, na mkatuelezea kitu kingine kabisa.

Na msiniambie kwamba ni kosa la mtafsiri aliyechoka. Anayekosea hutafsiri neno moja vibaya. Hapa "unga" umeingizwa kila penye madini, kibali, mizani na bandari, kwa uthabiti wa mtu aliyepewa maelekezo.

3. Mmekata karatasi, mkaacha risasi

Nimelinganisha. Mapigano yote yapo, mpaka lile la sokoni ambalo kusema kweli ni refu kuliko linavyostahili hata katika filamu yenyewe. Zilizokatwa ni sehemu ambazo watu wamekaa.

Imekatwa sehemu ambayo konstebo anakataa kumwandikia mjane taarifa ya kwanza ya kosa, anamwambia arudi kesho, arudi Jumatatu, alete kitambulisho. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia RB kituoni angeielewa bila tafsiri yoyote. Imekatwa sehemu ya daktari wa mochwari ambaye ripoti yake ina kurasa mbili jioni na ukurasa mmoja asubuhi. Na imekatwa, hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote, sehemu ya uhamisho.

Kijana anaitwa ofisini. Mrakibu anampa kiti, anamwagizia kahawa, anamsifu kwa bidii yake, halafu anamsogezea karatasi. Amehamishiwa mbali, kitengo cha kutunza magari mabovu, kuanzia kesho. Hakuna aliyepandisha sauti. Kijana anasoma, anapiga saluti, anatoka. Katika toleo lenu tukio hilo limebaki sekunde chache: mrakibu anafungua mdomo na sauti ya Kiswahili inasema, "Nitakuua wewe na ukoo wako."

Waheshimiwa, uhamisho ndiyo silaha yenyewe. Polisi wa India hauawi na waziri, anahamishwa. Jambo hilo ni kubwa kiasi kwamba afisa mstaafu wa polisi, Prakash Singh, alilipeleka Mahakama ya Juu ya India mwaka 1996, na mwaka 2006 mahakama ikaamuru majimbo yaweke muda usiopungua miaka miwili kwa wakuu wa vituo na maafisa wengine wa uwandani, iundwe bodi ya kushughulikia uhamisho, na ziundwe mamlaka za kupokea malalamiko dhidi ya polisi. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na filamu za Karnataka zimeishi ndani ya kusuasua huko. Mtu anayetazama toleo lenu ataondoka akiamini kwamba mwanasiasa mla rushwa hutambulika kwa kelele zake. Filamu ilikuwa inamwonyesha anatambulika kwa kalamu.

Tena kuna ngazi nyingine ya jambo hili mliyoikosesha. Kijana mwenye nyota mbili anakejeliwa na mwenzake: "Wewe ulilipa kiasi gani kupata kazi hii?" Kwenye tafsiri ni "Wewe ni mjinga?" Oktoba 2021 ulifanyika mtihani wa kuajiri masub-inspekta 545, ndicho cheo cha nyota mbili, katika jimbo hilo hilo. Ikagundulika karatasi za majibu zilichezewa, Aprili 2022 serikali ikafuta ajira zote, na Julai mwaka huo akakamatwa afisa wa cheo cha juu aliyekuwa akiongoza kitengo chenyewe cha ajira. Hiyo kejeli ya mstari mmoja ina uzito wa habari iliyojaza magazeti ya Bengaluru miezi kadhaa.

4. Karnataka imefutwa

Tangazo lenu lilisema "filamu kali ya Kihindi kutoka Bollywood". Kannada ni lugha nyingine kabisa, ya familia nyingine, yenye hati yake ya mviringo, na kwa sensa ya mwaka 2011 ni lugha mama ya watu takribani milioni 44. Watu wake hawapendi kuchanganywa na wa Kihindi cha kaskazini: mwaka 2017 walilalamikia vibao vya Kihindi kwenye vituo vya metro vya Bengaluru mpaka maandishi hayo yakaondolewa.

Mmetafsiri kutoka toleo lililoingizwa sauti za Kihindi, tena lililokwisha kukatwa huko. Nimelijua kwa sababu mara mbili sauti ya Kihindi inavuja chini ya Kiswahili chenu. Kwa hiyo kilichotufikia ni tafsiri ya tafsiri, kila mmoja akipunguza njiani kama ile amri ya waziri.

5. Mkanda wa tangazo

Fupi hili. Bengaluru kuna jengo la Bunge la jimbo, Vidhana Soudha, lililokamilika mwaka 1956, na mlangoni limeandikwa kwa Kannada na Kiingereza kwamba kazi ya serikali ni kazi ya Mungu. Katika filamu waziri anashuka ngazi chini ya maneno hayo, na kamera inayasubiri yasomeke vizuri kabla ya kumfuata. Kwenye chaneli yenu, pale pale, palipita mkanda wa tangazo la mkopo wa haraka kwa simu.

6. Majina

Mwongozaji hakutajwa, wala mwandishi, wala mwigizaji hata mmoja, kwa kuwa majina ya mwisho mmeyakata ili kuwahi kipindi kinachofuata. Wala vijana wenu wenyewe waliotia sauti hawakutajwa. Yule aliyetia sauti ya mjane ana kipaji na ningependa kumjua.

Sasa najua mtakachosema, maana baadhi nilishaambiwa kwenye simu.

Mtasema watazamaji wetu wanataka ngumi. Inawezekana wanazitaka, hata mimi nazitaka, nimekulia vibanda umiza na nimelipa shilingi zangu kumwona stelingi akiwakunja watu kumi. Lakini hamjawahi kutuonyesha hiyo nyingine ili mjue kama tungeikataa. Na hao mnaowaita watazamaji wa ngumi ni madereva wanaojua mizani ni nini, ni mama lishe wanaojua kibali ni nini, ni walimu waliowahi kupewa barua ya uhamisho Ijumaa jioni. Filamu hii inazungumza nao kuliko inavyozungumza na mwenye shahada.

Mtasema hata wakalimani wa zamani walikuwa wanabadilisha. Hapo hapana. Lufufu alipokuwa anatutafsiria, au DJ Afro kule Kenya, tulijua tunamsikiliza nani. Anatia chumvi, anampa adui jina la mtaani, anacheka mwenyewe, na wote tunajua ni yeye. Huo ni ufundi wa mtu anayesimama mbele yako. Ninyi mnatupa kitu mnachokiita filamu yenyewe kwa Kiswahili, na hamjitokezi.

Mtasema mlinunua hivyo hivyo ilivyo. Basi semeni hivyo kwenye tangazo, kwamba ni toleo lililofupishwa kutoka Kihindi. Anayeuza dukani kitu kisicho kamili huandika. Hata hivyo toleo la Kihindi halina unga; nimelitafuta nikalitazama. Lina waziri na lina mawe ya chuma. Kwa hiyo unga umepikwa hapa hapa nyumbani.

Utetezi wa mwisho hamjausema kwa sauti, ila nauhisi: mnaogopa. Mnaona waziri na polisi kwenye skrini, mnajiuliza nani atakasirika. Sijui kama mliwahi kuambiwa na yeyote au mmejitisha wenyewe. Lakini tazameni jambo hili kwa utulivu. Filamu ile ilipita kwenye bodi ya serikali ya India, ambayo kila filamu ya kumbi za sinema hupita, na bodi hiyo haina sifa ya ulegevu. Ilionyeshwa katika miji ambayo polisi wake ndio wanaosemwa, mbele ya wapiga kura ambao mawaziri wao ndio wanaosemwa. Wenyewe walivumilia. Halafu sisi, ng'ambo ya bahari, tusio na hisa wala mpiga kura huko, ndio tumelindwa tusimwone waziri wa Karnataka akila rushwa! Kumlinda nani? Kama kuna barua rasmi iliyowaamuru kukata, itoeni, nami nitaelekeza malalamiko yangu kwa aliyeisaini. Kama haipo, basi mmekuwa wakali kuliko sheria.

Nina jambo moja la kuongeza kuhusu filamu za Kannada kwa jumla, ili msidhani nalilia moja. Hii ni kazi yao ya siku nyingi. Mwaka 1981 S. V. Rajendra Singh Babu aliongoza Antha, ambamo Ambareesh ni inspekta anayechukua nafasi ya mhalifu anayefanana naye, na akiwa ndani anagundua nani miongoni mwa wakubwa wanaolipwa. Mwaka 2019 Hemanth Rao alitoa Kavaludaari: polisi wa usalama barabarani, ambaye hata haruhusiwi kupeleleza, anakutana na mifupa iliyofukuliwa kando ya barabara na kufufua jalada la miongo minne nyuma. Katika filamu kama hizi mpelelezi karibu kila mara ni mtu mdogo, na ukubwa wa kisa unapimwa kwa umbali kati ya cheo chake na cheo cha anayemtafuta. Mkitaka kuzinunua na hizo, na natumaini mtazinunua, kwa mtindo wenu wa sasa zote zitatoka kisa kimoja: kijana anampiga bosi.

Naomba yafuatayo.

Mwirudie filamu hii ikiwa nzima, kwa muda wake wote. Kama saa mbili za usiku ni ghali kwenu kwa sababu ya matangazo, iwekeni saa tano, tutakesha. Mbona mpira wa Ulaya tunakesha.

Mtafsiri kutoka Kannada. Watanzania waliosoma Bengaluru na Mysuru wapo, wengi wao mitaani hawana kazi, na wanajua kutofautisha inspekta na sub-inspekta. Kama hilo ni gumu, tumieni walau maandishi ya chini ya toleo la awali. Vyeo vitafsiriwe kama vyeo: waziri awe waziri, mrakibu awe mrakibu, na Lokayukta aelezwe kwa sentensi moja badala ya kuitwa "mzee fulani".

Mtaje lugha, jimbo, mwongozaji, waigizaji na vijana wenu wa sauti, mwanzoni kama mwisho hamna nafasi.

Pale mnapokata, kwa amri au kwa hiari, muandike kwenye skrini kwamba pamekatwa, na kwa nini. Hilo halihitaji fedha.

Na mnijibu kwa maandishi, kwa jina na cheo cha anayejibu, ndani ya siku thelathini. Barua pepe yangu mnayo, ndiyo ile mashine yenu iliyoishukuru. Mkikubali kurusha filamu nzima, niko tayari kukaa na studio yenu bila malipo kupitia orodha ya vyeo na maneno ya madini, jioni yoyote baada ya kazi. Mkikataa, naomba sababu iwe mojawapo ya zile ambazo sijazijibu hapa. Muda huo ukipita kimya, nitaipeleka barua hii, pamoja na orodha ya sehemu zilizokatwa dakika kwa dakika, kwenye mamlaka inayosimamia maudhui ya utangazaji, kwa utaratibu wake wa malalamiko.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtazamaji anayelipia kifurushi,
Temeke, Dar es Salaam.

Nakala:
Dada wa mapokezi, kwa ajili ya kubandika kwenye daftari la maoni.